AKIBA HAIOZI: HABARI ZA NAMBA MOJA KUBWA

Liko swali moja ambalo husikika katika kila darasa la shule hii, tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne, nalo ni hili: "Hesabu hii itanifaa nini?" Husikika zaidi wakati mwalimu anapogeuka kuandika ubaoni. Na jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba hesabu hiyo itatoka katika mtihani. Mimi naona ya kuwa swali hilo halikuulizwa vizuri, na jibu lake ni baya kuliko swali lenyewe. Nataka kuwaeleza wasomaji sababu zangu kwa habari za namba moja tu, maana habari zake ni za kweli, na kila mtu mwenye kalamu na subira aweza kuhakikisha sehemu kubwa ya mambo haya yeye mwenyewe.

Namba yenyewe ni hii: 2,147,483,647. Hupatikana kwa njia nyepesi. Andika 2 mara thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha upunguze 1. Jioni moja ya kujisomea yatosha kwa kazi hiyo, tena bila mashine.

Namba hii ni namba tasa. Jina hilo tulifundishwa tangu shule ya msingi: namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 2, 3, 5, 7 na 11 ni tasa. Lakini 9 si tasa, kwa kuwa ni 3 mara 3. Katika Kiswahili kilicho tasa ni kile kisichozaa, na yamkini jina hilo limewafanya wengi wetu wadhani kwamba namba hizi hazina matunda yoyote. Tutaona kama ndivyo.

Mtu aweza kuuliza, tumejuaje kwamba namba kubwa namna hii ni tasa? Swali hilo ni zuri, nami natamani lingeulizwa mara nyingi zaidi darasani. Tuanze na namba ndogo za jamii hiyo hiyo. Ukizidisha 2 mbili na kupunguza 1, wapata 3. Ukizidisha 2 tatu na kupunguza 1, wapata 7. Kwa 2 tano wapata 31, na kwa 2 saba wapata 127. Zote ni tasa. Mwanafunzi mwenye haraka atasema papo hapo: "Nimekwisha kuijua kanuni! Hesabu ya zile 2 ikiwa ni namba tasa, basi na jibu huwa tasa." Lakini hebu na ajaribu kwa 2 kumi na moja. Atapata 2,047, nayo ni 23 mara 89. Kanuni imevunjika. Basi kuona mifano minne inayokubaliana si sawa na kujua.

Hata wakubwa walinaswa hapo. Mtawa mmoja wa Ufaransa, jina lake Marin Mersenne, alichapisha mwaka 1644 orodha ya namba za jamii hii ambazo yeye aliamini kuwa ni tasa. Namba yetu, yaani ile ya 2 thelathini na moja, ilikuwamo, naye hapo alisema sawa. Lakini aliweka pia ile ya 2 sitini na saba, na hapo alikosea. Kosa hilo lilikaa miaka zaidi ya mia mbili, mpaka mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alipothibitisha kwamba namba hiyo si tasa. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole aliwaonyesha wenzake vigawo vyake viwili: 193,707,721 na 761,838,257,287. Jina la Mersenne lilikuwa kubwa, na namba hizi mpaka leo zaitwa kwa jina lake, lakini ukubwa wa jina lake haukuifanya hata namba moja kuwa tasa.

Sasa turudi kwa namba yetu. Aliyethibitisha kwamba ni tasa ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika nchi ya Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg katika nchi ya Urusi. Ilikuwa mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa mtu wa miaka 65 hivi, na macho yake yote mawili yalikuwa yameharibika hata alikuwa karibu kuwa kipofu kabisa. Kazi nyingi aliifanya kichwani, na wasaidizi wakamwandikia.

Njia ya kawaida ya kupima namba yetu ni kuigawanya kwa kila namba tasa iliyo ndogo kuliko kipeuo chake cha pili. Kipeuo hicho ni 46,340 na sehemu, na namba tasa zilizo chini yake ni zaidi ya 4,700. Mtu akifanya migawanyo ishirini kila jioni, kazi hiyo itamchukua zaidi ya miezi saba. Euler hakufanya hivyo. Kwanza alikaa akafikiri. Akaona kwamba kama namba yetu ina kigawo cho chote kilicho tasa, hapana budi kigawo hicho kikigawanywa kwa 62 kibakize 1. Na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7, wala si vinginevyo.

Asiyeamini na aijaribu kanuni hiyo kwa ile 2,047 tuliyoitaja juu. Huko tulizidisha 2 kumi na moja, basi mahali pa 62, ambayo ni 31 mara mbili, tutatumia 22, ambayo ni 11 mara mbili. Vigawo vyake ni 23 na 89. Gawanya 23 kwa 22, baki ni 1. Gawanya 89 kwa 22, baki ni 1. Gawanya 23 kwa 8, baki ni 7. Gawanya 89 kwa 8, baki ni 1. Kanuni imesimama. (Lakini msomaji aliyefuata vizuri atanikumbusha kwamba mfano mmoja si uthibitisho, naye atakuwa amesema kweli. Uthibitisho upo, na mwanafunzi aliyesoma habari za mabaki kwa utaratibu aweza kuufuata.)

Kwa kanuni hizo mbili, namba za kujaribiwa hazikuwa maelfu tena. Namba zote zilizo chini ya 46,341 zenye sifa hizo mbili ni 373 tu, ukiacha 1 yenyewe, na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa. Ya kwanza ni 63, ambayo si tasa. Ya pili ni 249, ambayo ni 3 mara 83. Ya tatu ni 311, nayo ni tasa. Mimi mwenyewe nimeigawanya namba yetu kwa 311 kwa mkono, nikapata 6,905,092 na baki 35. Basi 311 si kigawo chake. Zilizosalia nawaachia wenzangu. Euler alizimaliza, wala hakuona kigawo hata kimoja. Kazi ya miezi iligeuka kuwa kazi ya siku chache, si kwa sababu alikuwa na mashine, bali kwa sababu alitangulia kufikiri kabla ya kushika kalamu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwaka 1811 mtaalamu mmoja wa hesabu wa Uingereza, Peter Barlow, alichapisha kitabu juu ya namba. Ndani yake alitaja namba timilifu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa huwa sawa nayo. Kwa mfano 6 ni 1 na 2 na 3. Na 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Kutoka katika kila namba tasa ya jamii ya Mersenne hupatikana namba timilifu moja, na ile itokanayo na namba yetu ina tarakimu kumi na tisa. Barlow akaandika ya kuwa hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na kwa hiyo haielekei kwamba mtu atajisumbua kutafuta nyingine mbele yake.

Tazameni, basi. Barlow hakuwa mjinga. Alikuwa mwalimu na mwandishi aliyeheshimiwa. Naye aliuliza lile lile swali letu la darasani: itafaa nini? Alipoona kwamba haifai kitu, alidhani kwamba watu wataacha. Alikosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kwamba watu hawakuacha. Lucas niliyemtaja alithibitisha mwaka 1876 kwamba namba ya 2 mia moja ishirini na saba, yenye tarakimu 39, ni tasa. Hata leo watu wanatafuta. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Mmarekani mmoja, Luke Durant, akishirikiana na wenzake waliojitolea kutumia kompyuta zao katika nchi mbalimbali, amepata namba ya jamii hii ambayo 2 zake ni 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320, na wakati ule ilikuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana. Ukitaka kuisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, itakuchukua zaidi ya siku 470.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni juu ya neno "faida". Namba ambayo Barlow aliiona haina kazi imepata kazi nyingi. Nitazitaja mbili.

Kompyuta huandika namba zote kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kompyuta nyingi zilipangwa ziandike namba moja katika nafasi 32, na katika nafasi hizo moja huonyesha kama namba ni ya kutoa au si ya kutoa. Zabaki nafasi 31. Namba kubwa kuliko zote iwezayo kuingia humo ni ile ile 2,147,483,647. Mwezi Desemba 2014 watazamaji wa wimbo mmoja wa Korea Kusini katika YouTube walipita hesabu hiyo, na ikabidi kihesabio kiongezewe nafasi. Kompyuta nyingi tena hupima saa kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Zile zinazotumia nafasi 32 zitafika kikomo chao tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika ya Mashariki. Baada ya hapo, ile ambayo haikutengenezwa upya yaweza kudhani imerudi mwaka 1901. Sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa watu wa miaka thelathini hivi, na huenda mmoja wetu akawa ndiye fundi wa kuzitengeneza.

Lakini kazi hiyo ya kwanza haitokani na utasa wa namba yetu. Ya pili yatokana nao hasa. Wataalamu wanaochunguza mwendo wa maradhi, au foleni, au mvua, huhitaji namba za kubahatisha, kama zile za dadu. Kompyuta haina dadu. Hufuata amri tu. Basi hutumia hila. Hushika namba moja, huizidisha kwa namba maalumu, huigawanya, na baki ndiyo namba inayofuata. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walitoa njia ya namna hiyo ambayo kizidisho chake ni 16,807 na kigawanyo chake ni 2,147,483,647. Ukianza na 1, inayofuata ni 16,807, kisha 282,475,249, na kuendelea.

Kwa nini waliichagua namba tasa? Jaribu kwa namba ndogo. Kigawanyo kiwe 7 na kizidisho 3. Ukianza na 1, utapata 3, kisha 2, kisha 6, kisha 4, kisha 5, ndipo urudi kwa 1. Umezipitia zote sita. Sasa weka 8, ambayo si tasa, mahali pa 7. Utapata 1, kisha 3, kisha 1 tena, na hutoki hapo. Badili 3 uweke 5 au 7, mambo ni yale yale. Namba tasa, ikipewa kizidisho kinachofaa, hukuzungusha kote kabla ya kukurudisha mlangoni. Kwa 16,807 namba yetu hupitia namba 2,147,483,646 zote kabla ya kurudia. Leo njia bora zaidi zimepatikana, lakini hiyo ilifanya kazi miaka mingi. Namba tasa imezaa, na tena imezaa kwa sababu ya ule utasa wake.

Najua lipo jibu la upande wa pili, wala silidharau. Mzazi anayeuza mahindi yake ili amnunulie mtoto godoro na madaftari ana haki ya kuuliza faida. Shule si mahali pa kupoteza miaka. Tena lazima niseme kweli: ile namba ya tarakimu milioni arobaini na moja haijapewa kazi yo yote kwa ajili ya ukubwa wake. Lakini katika kutafuta namba za namna hiyo yamepatikana mengine njiani. Programu inayotumika katika utafutaji huo hutumiwa pia kupima uimara wa kompyuta, na mwaka 1996 ilipoanza hakuna aliyeweza kutabiri kwamba mwaka 2016 ingefichua kasoro katika prosesa mpya za kampuni ya Intel. Wazee walisema, akiba haiozi. Anayeweka akiba haambiwi mapema ni shida gani itakayokuja kumfanya aifungue. Euler aliiweka mwaka 1772, nayo ikafunguliwa na watu waliozaliwa zaidi ya miaka mia baada ya kufa kwake.

Wala sisemi kwamba mwanafunzi angoje miaka mia mbili ndipo aone faida. Iko faida ya papo hapo, nayo ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote. Katika masomo mengine mengi twapokea habari kwa kumwamini aliyezileta. Katika hesabu mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kumsahihisha mtawa mwenye jina kubwa, wala asionekane kuwa amekosa adabu, mradi aonyeshe kazi yake. Mtu aliyezoea kuulizwa "wajuaje?" tangu utoto wake hatadanganywa upesi na mwuza dawa, wala na mtu anayejidai katika mkutano wa hadhara, wala na habari zinazopita simu hata simu. Nchi yahitaji watu wa namna hiyo kuliko inavyohitaji watu waliokariri majibu.

Kwa hiyo ninayo maombi machache. Kwa wanafunzi wenzangu nasema: wengi wetu tumeiaga hesabu tungali Kidato cha Pili, twaketi darasani, twanakili ubao, twangoja kengele. Tuache kuuliza "itanifaa nini?" tuulize "ni kweli? na tumejuaje?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini auliziaye kukimbia kazi naye halipati.

Kwa walimu wetu tunaowaheshimu naomba hivi: jibu la "itatoka katika mtihani" lipumzishwe. Kanuni inapoandikwa ubaoni, tupewe dakika tano za sababu yake, hata kama hatutaulizwa sababu hiyo na mtahini. Na katika mazoezi ya darasani, anayetoa jibu sahihi bila sababu asipate alama sawa na aliyeonyesha njia.

Kwa wazazi naomba jambo moja dogo. Mtoto anaporudi likizo na alama mbaya za hesabu, msimwambie, "Hata mimi sikuziweza, ni za ukoo wetu." Maneno hayo husemwa kwa huruma, lakini hufunga mlango.

Na kwa uongozi wa shule natoa shauri ambalo halihitaji fedha. Kila Jumatatu ibandikwe namba moja katika ubao wa matangazo karibu na bwalo, na swali moja tu: "Je, hii ni tasa? Toa sababu." Majibu yakusanywe Ijumaa, na lililo na sababu iliyo fupi na iliyo wazi lisomwe gwarideni. Juma la kwanza yafaa tuanze na 2,047 bila kuwaambia wasiosoma gazeti hili. Baadaye tuweke 8,191, ambayo ni ya 2 kumi na tatu. Nawapa msaada mmoja tu: kipeuo chake cha pili ni 90 na sehemu, na kila kigawo kilicho tasa, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 26 kibakize 1. Nani atasema amekosa nafasi ya migawanyo miwili?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne